Miguu ya Kwetu

Mguu wangu wa kulia ulianza kushona peke yake. Sitanii. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwa mama yangu hapa Mwembesongo, Morogoro, na cherehani yangu wakati huo ilikuwa ya kukanyaga. Siku moja ya kipupwe nilikuwa nashona sare za shule, nikaweka ncha ya mguu juu ya kikanyagio nikatulia kidogo niangalie vipimo. Mguu ukaanza kutetemeka wenyewe, juu chini, juu chini, gurudumu likazunguka, na sindano ikapita na uzi mpaka ikashona mkono wa shati kwenye mfuko wake. Nilicheka. Mteja aliyekuwa akisubiri naye alicheka, akasema mguu wangu una haraka kuliko mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye mguu wake, au wa mwanawe, umeanza kujifanyia mambo. Mabaya zaidi kwangu yamepita. Si kwamba nimepona, ila nimeshajua ninachoumwa na nimekizoea. Mambo ya kitaalamu waulize wataalamu. Mimi nitasema ya mabenchi ya hospitali, ya chooni na ya nyumbani, na nitasema ya wivu, kwa sababu hilo hakuna aliyenitahadharisha. Kila aliyekuja kunitazama alinihimiza subira. Hakuna aliyeniambia kwamba miguu ikikaza na roho nayo inaweza kukaza, na kwamba nitakayemwonea kijicho kuliko watu wote duniani ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mdogo wangu anaitwa Hawa. Analima mashamba ya upande wa mama kule Choma, juu mlimani, pale ambapo ukisimama unaona mabati ya mji mzima. Kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa kwa mama yake: ukoo ni wa mama, shamba ni la mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Hawa anaamka alfajiri, anakata mikungu ya ndizi, anajitwisha, anateremka nayo kwa miguu hadi mjini, anauza, anapitia kwetu kunywa chai, kisha anapanda tena. Ana watoto wawili. Mimi sikujaliwa. Miaka yote hiyo nilimwona Hawa mtu wa kawaida tu, mdogo wangu mwenye kelele. Nilipoanza kuumwa ndipo nilipomwona vizuri.

Masika yaliyofuata nilikuwa najikwaa mahali pasipo na kitu. Sakafu ya saruji, tambarare kabisa, mimi najikwaa. Kandambili zangu zilikuwa zinaisha mbele, kwenye vidole, huku kisigino bado kipya. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani na miguu imenyooka kama mbao, nangoja ilainike ndipo nisimame, na hata ikilainika magoti yalikuwa yanagongana. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Ilifika wakati mama akawa ananishika mikono, mimi mwanamke mzima, ameangalia pembeni ili nisione haya. Kusujudu nikaacha, nikawa naswali nimekaa kwenye kiti, nyuma ya bibi wa jirani ambaye aliinama na kuinuka kama msichana. Nilimwonea wivu yule bibi katikati ya swala, Mungu anisamehe.

Lakini bibi wa jirani si kitu. Hawa alikuwa akija, akimaliza chai anachukua vyombo na kuchuchumaa uani kuviosha. Magoti yake yalifika karibu na masikio. Anaosha huku anapiga soga, hajui hata kama amechuchumaa, kisha anainuka mara moja bila kushika ukuta wala kushika kitu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha juu ambacho mama alinitafutia, namtazama. Watu wa huku tunasema mtu fulani ana roho ya kwa nini. Basi mimi nilikuwa nayo. Kwa nini yeye? Kwa nini baba mmoja, mama mmoja, ziwa moja, halafu yeye aoshe vyombo kama hakuna kilichotokea? Siku nyingine nilimwambia sufuria haijatakata, aioshe tena, ilhali ilikuwa imetakata.

Mume wangu Shabani wakati huo alikuwa Dumila kwa biashara yake ya mahindi. Mwanzoni alikuwa anakuja kila mwisho wa juma, kisha akawa anakuja mavuno yakipungua, kisha akaniambia kwamba natembea kama mlevi na watu wanamuuliza. Baada ya hapo hakuja. Nikasikia ameoa hukohuko, mwanamke ambaye kwenye ngoma ya arusi alicheza mpaka vumbi likatimka. Aliyenieleza hilo la vumbi alidhani ananiliwaza.

Mjomba Salehe, kaka mkubwa wa mama, akaitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake Choma. Nilipandishwa kwa bodaboda mpaka ilipoishia njia, nikamalizia kwa kushikwa. Wakakaa kuchambua ukoo mtu mmojammoja, walio hai na waliokufa, kuona kama kuna aliyewahi kuwa na miguu ya namna hii. Bibi huyu alikuwa kiziwi. Babu yule alikuwa na kifafa. Mwingine alikuwa na kidole cha sita. Miguu, hakuna. Walipanda nyuma mpaka kwa mabibi ambao hata mama hakuwaona, na miguu hakuna. Mjomba akafunga kikao kwa kusema kwamba ugonjwa usiokuwemo kwenye ukoo umeletwa na mtu, na macho yote yakaelekea upande wa Dumila. Nami nilikubali. Ilinifaa sana kuamini kwamba yule mcheza ngoma ameninyang'anya mume na miguu kwa mpigo mmoja.

Sitaeleza ya waganga. Walikuwepo, na miguu iliendelea kukaza.

Hospitali ya kwanza ilikuwa ya hapahapa Morogoro. Walinipiga picha ya mgongo, mgongo ukaonekana mzima, wakanipa vidonge vya maumivu. Kiangazi kizima nilikunywa vidonge vya maumivu na mimi sikuwa na maumivu, nilikuwa na ugumu. Ukienda hospitali, ndugu yangu, lisemee hilo kwa sauti: siumwi, nakaza. Nilichelewa kulisema kwa sababu nilidhani daktari anaona.

Benchi la kusubiri lina mambo yake. Jina likiitwa, mwenye jina anasimama na kwenda, na mlango unafungwa. Kwangu mimi jina likiitwa ndiyo kwanza naanza safari: nishike benchi, nivute mguu mmoja, ningoje mtetemo utulie, nisimame. Mara mbili mtu aliyekuwa nyuma yangu aliingia kabla yangu, ilidhaniwa sipo. Akatokea muuguzi mmoja, mama mnene mwenye miwani, akaona. Tangu siku hiyo akawa anakuja kuninong'oneza, "Zaina, mbele yako bado mmoja, anza kusimama." Hakufanya zaidi ya hapo. Katika miaka yote ile ya kuugua, watu wengi wamenisaidia kwa mambo makubwa, na bado huyo ndiye ninayemwombea dua kwanza.

Hatimaye tukapewa rufaa ya Dar es Salaam kwa daktari wa neva. Tulikwenda kwa treni, mama na mimi. Daktari alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, alimwamkia mama shikamoo kabla hajaketi. Alinigonga chini ya goti kwa kinyundo na mguu ukaruka karibu umpige. Akasukuma unyayo wangu kuelekea juu, akauacha mkononi mwake, na ukaanza kutetemeka kama siku ile ya cherehani. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na anayemfahamu. Akamuuliza mama kama kuna ndugu yeyote aliyewahi kutembea hivi. Mama akasema hakuna. Daktari akauliza tena, babu, bibi, hata wa mbali? Mama akamhesabia ukoo wote, kama ulivyohesabiwa kikaoni, mpaka mwenye kidole cha sita. Hakusema uongo hata neno moja.

Nikatolewa damu ipelekwe nje ya nchi, kwa watafiti waliokuwa wakichunguza magonjwa ya aina hii. Nikapewa vidonge vya kulegeza misuli na mazoezi ya kunyoosha miguu ukutani. Vidonge vilinilaza kama mtoto mchanga, tukapunguza, tukapata kiwango. Mvua za vuli zikaja zikaisha. Kiangazi kikaanza. Cherehani ya kukanyaga ikanishinda kabisa, fundi wa umeme akanifungia mota, na kikanyagio chake tukakipandisha mezani nikibonyeze kwa kiwiko. Hawa ndiye aliyeibeba ile mota kutoka dukani, kichwani, juu ya kapu tupu la ndizi, na mikono ameiachia inaning'inia. Nilimshukuru. Nilimwonea wivu shingo yake pia.

Tuliitwa tena Dar masika yalipokuwa yanakaribia. Daktari akasema wamekipata chanzo. Akaeleza kwa upole, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa. Kutoka mgongoni hadi vidoleni kuna neva ndefu kuliko zote mwilini. Ndani yake kuna wabebaji wadogo wasioonekana, protini zinazofanya kazi kama mota, wanaotwaa mizigo juu na kuiteremsha chini, mchana na usiku, maisha yote. Maelekezo ya kuwaunda hao wabebaji yameandikwa kwenye jeni, na hiyo jeni ina jina la herufi na namba, KIF5A. Yangu ina kasoro. Wabebaji wangu wanadondosha mizigo njiani, na miguu, kwa kuwa ndiyo iliyo mbali kuliko vyote, ndiyo inayokosa kwanza. Nilifikiri: hata ndani ya mwili wangu Hawa hayupo. Hawa angeifikisha mizigo.

Akasema si uchawi wala si kosa la mtu. Imerithiwa, kutoka kwa baba au kwa mama. Akasema pia kwamba kila mtoto wa mwenye nayo anaweza kuipata au kuikosa, nusu kwa nusu, na hakuna anayechagua. Akaniuliza kama nina ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Nikasema ninaye mmoja. Na hapo, mbele ya yule binti mpole, kitu kilichangamka kifuani mwangu, na sitakipamba: nilitumaini Hawa anayo.

Treni ikaacha nyumba za Dar. Kisha mama akasema, akiangalia nje dirishani, "Shangazi yenu wa Kinole anatembelea fimbo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Baba yetu alikuwa mtu wa Kinole, upande wa pili wa milima. Alikufa mimi nikiwa mdogo na Hawa bado ananyonya. Alisombwa na mto wakati wa masika. Hatuna picha yake. Nilichobaki nacho mimi ni kumbukumbu moja: nimekaa begani kwake, tunatoka mahali, na chini kandambili yake inakwaruza ardhi, kwaruu, kwaruu. Utotoni Hawa alikuwa akiniomba nimsimulie hiyo, na mara nyingine nilimnyima, nikisema ni yangu.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukumwambia daktari?"

"Haikunijia. Baba yenu alipokufa, shamba lake lilirudi kwa wapwa zake, na sisi tukarudi kwetu. Wale si wetu, mwanangu. Nimeulizwa ndugu, nimehesabu ndugu."

Hakuwa akijitetea. Ndivyo alivyojua, na ndivyo kikao kizima kilivyojua. Miaka yote tulipekua ukoo wa mama kwa taa na kurunzi, na jibu limekaa Kinole juani na fimbo yake. Kama unasoma haya na wewe ni wa kwetu, ukiulizwa na daktari, hesabu na wa upande wa baba. Hata kama hamna shamba huko, hata kama hamzikani.

Tulikwenda Kinole mvua zilipokatika, Hawa na mimi. Gari ilitufikisha, bodaboda zikatusogeza, na kutoka hapo kulikuwa na njia ya miguu inayopanda katikati ya migomba na mikarafuu, udongo mwekundu unaoteleza. Nilijaribu kwa fimbo. Nilianguka mara ya kwanza tukacheka, mara ya pili hatukucheka. Hawa akafunga khanga kiunoni, akachuchumaa mbele yangu, tena kirahisi hivyohivyo kama anaosha vyombo, akasema panda. Nikapanda mgongoni kwa mdogo wangu kama mtoto. Akapanda kilima kile na mimi juu yake, akiniuliza kama mwaka huu nimeshaonja mahindi ya kuchoma. Hakuhema. Nilikuwa namsikiliza kifua, sikio langu limegusa mgongo wake, natafuta pumzi ya kuchoka, na haikuwepo. Sijui kama yuko mtu mwingine aliyewahi kumwonea wivu anayembeba. Mimi nimewahi, njia nzima.

Alinishusha karibu na uwanja. Uwanja wa shangazi ulikuwa umefagiwa, na katikati kutoka mlangoni hadi jikoni kulikuwa na michirizi miwili ardhini, sambamba, iliyochimbwa na vidole vya miguu vya miaka mingi. Nikaanza kutembea na fimbo yangu, kandambili zinakwaruza. Kabla hatujapiga hodi, sauti ya kizee ikatoka ndani.

"Nani huyo anayekuja na miguu ya kwetu?"

Shangazi Mwanamvua akatokea mlangoni ameshika fimbo, kiuno kimepinda, magoti yanagusana. Ilikuwa kama kujiona kwenye kioo cha miaka ijayo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikajitambulisha kuwa ni Zaina, mtoto wa kaka yake. Aliniambia nitembee niende kwake. Nikaenda, na yeye akaja, tukakutana katikati ya michirizi yake, akanishika uso kwa mkono mmoja na kuanza kulia.

"Ndivyo alivyokuwa anaanza kutembea," alisema. "Kaka yangu. Ndivyo hivyohivyo."

Baadaye tukiwa tumekaa mkekani, yaani Hawa mkekani na sisi wawili kwenye viti, alitusimulia. Mama yao alikuwa na miguu hiyo. Mama wa mama yao pia. Kule kwao inajulikana, hawamwitii mtu mganga, wanamchongea fimbo. Nikamuuliza mbona hakuna aliyetuma neno kwetu. Akashangaa swali langu. Alisema wao siku zote walijua miguu hiyo inafuata ukoo, inakwenda kwa watoto wa wanawake wao. Mtoto wa mwanamume wao ni wa kwa mama yake, anafuata huko. "Alipozaa mtoto kwenu," alisema, "tulifurahi. Tulisema watoto wa huko wamepona." Kwa hiyo sisi hatukuwahesabu wao kwa sababu si wetu, na wao hawakutuonya kwa sababu si wao. Na jeni, ambayo haijui Kiluguru, ilipita katikati.

Akatuambia pia habari ya mto. Baba alikuwa na wenzake, wanatoka kuuza ndizi. Wenzake wote walivuka. Yeye miguu ilikaza kwenye maji baridi, wakamwona amesimama katikati kama aliyepigiliwa misumari, kisha hawakumwona.

Shangazi akamgeukia Hawa, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni Hawa, ndiye mtoto wa mwisho wa kaka yako. Shangazi akasema, "Huyu ni mama yake mtupu," akamkaribisha chakula kwa heshima zote anazopewa mgeni. Mimi nilipewa kukaa jikoni naye. Wakati wa kuondoka alinipa fimbo iliyokuwa ya mama yao, nyeusi kwa kushikwa. Hawa alipewa fenesi. Aliteremka kilima akiwa na mimi mgongoni na fenesi kichwani, na safari hiyo hakuuliza habari za mahindi.

Tulipomweleza daktari, akasema Hawa anaweza kupimwa akitaka, na asipotaka ni haki yake. Nikamshawishi. Nilimwambia ni kwa ajili ya watoto wake, na hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa ndilo lililonisukuma. Akatolewa damu, na tukaanza tena kungoja.

Katika kungoja huko nilijizoeza tabia. Hawa akija anavua kandambili mlangoni na kuingia. Akipita kwenda uani, mimi nazipindua kwa ncha ya fimbo niangalie zimeisha wapi. Zilikuwa zimeisha kisigino, kama za watu wote. Kila siku nazipindua, kila siku kisigino. Nilikuwa na majibu yangu binafsi mlangoni. Kisha siku moja ya baridi nikapindua ya kulia, nikakuta imelika mbele, kwenye kidole gumba, mpaka rangi ya chini inaonekana.

Naweza kuieleza furaha ile kwa sababu ilikuwa fupi. Moyo ulinipanda. Nilifikiria: sasa atajua. Sasa tutakaa viti viwili. Hawa akarudi kutoka uani na bakuli la maharage ya kuchambua, akanikuta nimeshika kandambili yake, akaichukua mkononi mwangu taratibu akairudisha mlangoni. Akachuchumaa kuchambua maharage, magoti masikioni. Siku zote zilizofuata nilikuwa nikitaka awe nayo na nikiogopa anayo, kwa roho hiyohiyo moja.

Alikwenda Dar peke yake kuchukua majibu. Alirudi jioni jua likiwa bado liko juu ya kilima, nami nilikuwa barazani nashona kwa kiwiko. Alivua kandambili, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Sina," akasema.

Mama alitoka ndani akimshukuru Mungu kwa sauti, akaenda kuwaambia majirani. Nikasema alhamdulillahi. Nikaendelea kushona, mshono ukapinda, nikaufumua, nikashona tena ukapinda. Basi, yamekwisha, nilijiambia. Yeye na wanawe wamevuka, mimi nimebaki majini. Nilimwonea wivu hata lile neno moja, fupi, alilolisema akiwa ameketi na miguu yake imekunjwa chini ya kiti kama vitu visivyo na thamani.

Kisha nikamtazama, na hakuwa na uso wa mtu aliyepewa habari njema.

"Nakuonea wivu," nikamwambia. Sijui lilitokaje. "Nimekuonea tangu mwanzo. Nilitaka na wewe uwe nayo."

"Najua. Ulikuwa unapindua kandambili."

"Ile moja ilikuwa imelika mbele."

"Niliimaliza mwenyewe," alisema. "Nikishuka Choma, nikiona hakuna mtu njiani, nilikuwa naburuta mguu. Najaribu kutembea kama ninyi." Akasugua kidole gumba chake kwenye sakafu. "Wewe ulikaa begani kwa baba. Una mwendo wake, una fimbo ya mama yake, shangazi amekujua kabla hajakuona. Mimi nimepewa fenesi. Dada, leo daktari ananipa mkono ananipongeza, na mimi nafikiria kwamba kwa huyu mtu sina hata kitu kimoja."

Nilizima mota. Katika miaka yote ya kumtazama mdogo wangu akichuchumaa na kuinuka, haikunipitikia kwamba naye ananitazama, na kwamba kuna anachokihesabu.

"Simama," Hawa akaniambia. "Tembea mpaka mlangoni nimwone baba."

Nikangoja mtetemo utulie. Nikashika fimbo nyeusi, nikasimama, nikaenda mpaka mlangoni polepole, na kandambili yangu ikakwaruza saruji. Nilipofika nikageuka. Hawa alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anatazama miguu yangu tu, kwa uso ambao niliujua vizuri sana kwa sababu ulikuwa wangu.

"Tena," akasema.

Nikarudi mpaka kwenye cherehani, nikaanza upya.